Bodi Mbili kwa Betri Moja

Jumamosi, 15 Machi

Nimeanza kuandika leo kwa sababu hapa nyumbani nikisema hakuna anayesikiliza. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto lakini zinasomeka. Daftari ni la Eliana mjukuu wangu, alilimaliza nusu tu alipokuwa chuo, akaliacha. Vijana hawamalizi kitu.

Tembo wamerudi. Nathan jirani yetu amekuta kinyesi chao mpakani mwa shamba lake na pori, bado kinafuka moshi. Mahindi yetu ndiyo kwanza yanabeba, nao wanajua. Mwaka jana majira kama haya walimkanyaga Leonard, mume wa Joyce wa huko bondeni. Alikuwa na tochi mkononi. Jeneza halikufunguliwa, na Joyce alikatazwa kumwona.

Amosi mwanangu ameanza kulala dunguni, katikati ya shamba, juu ya miti minne na paa la nyasi. Kila jioni anapita kwangu kuchukua chakula, halafu anashika kijia. Mimi nasimama mlangoni nautazama mgongo wake mpaka mahindi yanaufunika. Nina mtoto mmoja tu aliyebaki, na ndiye huyo.

Jumatatu, 17 Machi

Eliana kafika kutoka Dodoma. Ni binti wa Amosi, mama yake tulishamzika, nimemlea mimi. Amesomea umeme wa vitu vidogo, mambo ya redio na simu. Kashuka kwenye bodaboda na begi la nyaya, nguo kaleta mbili.

Ameniamkia vizuri. Halafu akasema, "Bibi, nimeleta kitu cha kutuambia tembo wakija."

"Baba yako ana masikio."

"Hata Leonard alikuwa nayo."

Nikamwambia aliyekufa hatajwi wakati watu wanakula. Akaendelea na nyaya zake.

Alhamisi, 20 Machi

Kitu chenyewe ni kisanduku cha plastiki cha kuhifadhia chakula. Ndani kuna bodi mbili. Ya chini ndiyo yenye akili, ina taa ndogo ya kijani. Ya pili imepandishwa mgongoni mwa ya kwanza kama mtoto kwenye mbeleko, nayo ina laini ya simu. Uzi mwembamba utafungwa kwenye njia ya tembo. Ukikatika, bodi ya chini inaiamuru ya juu ipige simu kwa Amosi, kwangu na kwa Nathan.

Leo kaiwasha hapa mezani. Ikanuka kama nywele zilizoshika moto. Ya juu imeungua.

"Nimezipa zote volti tano," akasema. "Ya chini inataka tano. Ya juu inataka nne tu. Zile za chuo zilikuwa na kidude cha kupunguza ndani yake, nikadhani na hii inacho."

"Umedhani. Mtoto mchanga umemlisha makande."

Akacheka huku analia. Sikumbembeleza. Mtu ambaye anataka kumwekea baba yake mlinzi hadhani, anaangalia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Tembo wamelia upande wa pori tangu asubuhi. Sikupika mchana.

Jumamosi, 29 Machi

Bodi nyingine ya simu imekuja na basi mpaka Itigi, na kidude cha kupunguza umeme kimekuja pamoja nayo. Eliana hakulaza kichwa chini mpaka amepima kila mguu wa ile bodi kwa mashine yake yenye sindano mbili. Safari hii simcheki.

Sola imewekwa juu ya bati langu, na betri imo chumbani kwangu, maana betri ukiiacha porini inaibwa hata kabla tembo hawajafika. Kutoka kwenye betri unakwenda waya mrefu mpaka kwenye kisanduku, mwisho wa shamba. Waya umepita juu ya miti na ukuta wa choo, unakatiza mahindi yote.

Eliana ametusimamisha, mimi na Amosi, akasema, "Betri hii ni ya tembo. Mtu asiiguse."

Mimi naambiwa nisiguse kitu ndani ya nyumba yangu.

Saa sita mchana, jua limesimama, tumejaribu. Kaukata uzi kule mwisho. Simu yangu ikaita, ya Amosi ikaita, na Nathan akatokea mbio kutoka kwake ameinua simu juu kama mtu aliyeshika kuku. Watu wakapiga makofi. Taa ya kijani unaiona hata ukiwa dunguni, maana Eliana kaitoa nje ya kisanduku akaiinua juu ya mti.

Amosi akasema, "Sasa nitalala kama mfalme."

Hayo maneno hayakunipendeza, nayaandika hapa.

Jumatano, 2 Aprili

Amosi hakoki moto tena chini ya dungu. Zamani aliwasha gogo na kila akishtuka alipiga debe. Nimemuuliza. Akasema moshi unamuumiza macho, na ya nini moto wakati mashine iko macho. "Nikiona kijani, najua nipo salama."

Nikamwambia, "Taa si mtu."

"Mama, na wewe si fundi."

Eliana mchana yuko senta, anatengeneza simu kwenye kibanda cha mtu, anarudi jioni. Nilitaka kumwambia amrudishe baba yake kwenye moto. Sikumwambia. Alikuwa na furaha, na mimi nilitaka kuwa mtu ambaye ameamini.

Jumamosi, 5 Aprili

Selina, mke wa Nathan, kaja na simu yake imezima. Mdogo wake anajifungua Kiomboi na hana habari zake. Senta ni mbali na matope yamejaa.

"Mama Amosi, niwekee kidogo tu."

Katika nyumba hii mtu hajawahi kunyimwa moto. Mama mkwe wangu alinikabidhi jiko hili kwa neno hilo moja. Akija mtu na kigae chake kuomba kaa, unampa, hata kama ni adui yako, hata kama ugali wako haujaiva. Na chaji ya simu ni nini kama si moto wa siku hizi. Nikamwekea. Betri ina mahali pa kuchomeka, haikuhitaji fundi.

Nilitoka kuangalia taa kule mwisho. Kijani.

Jumatano, 9 Aprili

Selina aliwaambia wenzake. Leo zilikuwa simu nne na redio ya mzee mmoja. Wamekaa uani kwangu wanasimulia, nimewapikia chai. Muda mrefu nyumba yangu haijajaa hivi. Wanazichukua kabla Eliana hajarudi, si kwa kujificha, ni kwamba hiyo ndiyo saa yao ya kwenda kuchota maji.

Mawingu siku tatu mfululizo. Kila nikitoka naitazama taa. Kijani.

Jumapili, 13 Aprili

Tembo wameingia kwa Joyce. Wamekula mtama wake wote na kulisukuma ghala mpaka likalala. Tulikwenda kumpa pole baada ya kanisa. Joyce alikuwa amekaa chini, anaokota mtama punje punje kwenye matope, akasema, "Safari hii wamechukua chakula tu. Nimeshukuru."

Kutoka kwa Joyce kuja kwetu hakuna mlima wala mto.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika yaliyotokea juzi Jumatano.

Siku ile jua halikuonekana kabisa. Mvua ilianza alasiri, ile ya kumwagika moja kwa moja, na juu ya bati husikii hata mtu akikuita sikioni. Simu tano zilikuwa zimechomekwa kwangu tangu asubuhi. Wenyewe walikuja kuzichukua wamejifunika mifuko ya nailoni.

Amosi akapita mapema, bado kuna mwanga. Alitaka afike dunguni kabla kijia hakijajaa maji. Nikampa ugali na mlenda kwenye bakuli la mfuniko. Nikamwambia leo lala hapa.

"Mashine haijapiga," akasema. Akanyoosha kidole, na kweli taa ilikuwa inaonekana kule mwisho katikati ya mvua, kijani. "Ona. Wangekuwepo ingepiga."

Akaenda. Nikasimama mlangoni, lakini mvua iliuficha mgongo wake upesi kuliko mahindi.

Nilikuwa sijakaa vizuri niliposikia mti unakatika. Mti ukikatwa kwa shoka unalia kidogo kidogo. Huu ulilia mara moja. Nikajua ni nguzo za dungu. Simu yangu ilikuwa mapajani, nimeitazama nikingoja iite, mimi mjinga, kana kwamba isipoita jambo halijatokea.

Nilitoka bila kanga kichwani nikipiga sufuria kwa mwiko. Nathan akasikia, akaja na debe na watu wa kwake, Eliana naye alikuwa ndiyo anaingia kutoka senta, akatupa begi kwenye matope akakimbia mbele yetu wote. Nilimwita arudi. Hakurudi.

Walikuwepo watatu, Nathan ndiye aliyewaona. Wakubwa wawili na mwingine wa kimo cha kati. Walikuwa wamekuja zamani, wameshakula upande mzima wa alizeti, wametulia kabisa. Amosi aliwaingia katikati, mguu kwa mguu, kwa sababu alikuwa anatembea akitazama taa. Mmoja alimrusha. Mwingine aliliegemea dungu likaanguka. Madebe yalipolia waliondoka taratibu, wala hawakukimbia.

Tulimkuta chini ya kichuguu. Paja limevunjika, mfupa umetoka nje, na nyonga imetoka mahali pake. Alikuwa macho. Aliniambia, "Mama, haikupiga." Alirudia hilo mpaka tunamlaza kwenye mlango wa Nathan, walioung'oa ili wambebe nao. Wamemfikisha hospitali Itigi kwa guta la kubebea mizigo la mtu wa senta, mimi nikiwa nimemshika kichwa njia nzima.

Sasa naandika nilichofanya, maana kila mtu alisikia. Pale pale shambani, mbele ya Nathan na wenzake, nilimgeukia Eliana. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemlaza baba yako. Alikuwa na moto, alikuwa na debe, alikuwa na woga wake. Umemnyang'anya vyote ukampa taa." Maji yalikuwa yanamtoka puani na mdomoni kwa mvua. Alisema tu, "Ndiyo, bibi."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Sikwenda kanisani. Amosi amewekwa chuma mguuni. Daktari amesema ataishi. Kuhusu kutembea hakusema.

Jumatatu, 21 Aprili

Eliana alishinda mwisho wa shamba na kile kisanduku magotini. Amerudi, akaniambia bila kuulizwa kwamba bodi ya chini ilikuwa nzima, inawaka, na uzi ulikatika na bodi ikajua umekatika. Ya simu ndiyo ilikuwa imezima.

"Imezimaje peke yake?"

"Sijui. Waya ni mrefu, labda nilikosea hesabu. Umeme unapotea njiani." Alikuwa na karatasi imejaa tarakimu, amekata, ameandika tena. "Nimekosea mimi, bibi. Nitakifungua chote nitupe."

Moyoni nilisema ndiyo, tupa. Hata uso wake sikutaka kuutazama.

Jumanne, 22 Aprili

Watu wanakuja kutoa pole, na kila anayekuja ana simu, na kila simu imezima kwa sababu hakuna jua. Nani amfukuze aliyekuja kumlilia mwanao. Nilizichomeka.

Eliana alikuwa ameenda hospitali. Nilidhani atarudi jioni, karudi saa nane. Kaingia chumbani kwangu kuchukua mashuka ya baba yake, akazikuta. Simu sita zinaning'inia kwenye betri kama viazi kwenye mzizi.

Kasimama pale. Alichelewa kutoka, nikaenda.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Ni za majirani."

"Tangu lini?"

"Tangu Selina alipokuja. Taa ilikuwa inawaka kila siku. Nilikuwa naiangalia, mimi si mpumbavu."

Akakaa kitandani kwangu. Akazungumza polepole, si kama mtu anayefundisha, kama mtu anayemwelezea mwenzake jinsi mgonjwa alivyokufa.

"Taa ni ya bodi ya chini, bibi. Ile haichagui. Umeme ukipungua inaendelea kuishi tu, hata nusu ya chakula inaitosha. Bodi ya simu haiko hivyo. Ikikaa kimya inakula kidogo, lakini ikitaka kupiga inavuta mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri ikiwa imechoka, na waya ni mrefu, ule mkupuo haufiki. Inazima. Na mwenzake hapo chini anaendelea kuwaka kijani."

"Lakini tulijaribu. Iliita."

"Tulijaribu saa sita, jua linawaka. Mimi ndiye niliyechagua saa sita. Jioni, na mawingu, na simu za watu, sikujaribu hata mara moja."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Nimesema mimi."

Alikuwa na haki ya kunirudishia yale niliyomwambia shambani, neno kwa neno, na mbele ya watu. Badala yake alianza kuzichomoa simu, moja moja, anazipanga kwenye mkeka, asichanganye za watu. Nilimsaidia.

Alhamisi, 24 Aprili

Mahindi bado wiki kadhaa. Tukiyaacha tutakula nini, na hospitali italipwa na nini. Mtu wa kulinda hakuna. Nathan ana shamba lake. Eliana amesema atalala yeye kwenye dungu jipya, Nathan amemsaidia kulisimamisha, safari hii karibu na nyumba.

Nimemkatalia. Nimemtukana. Amesikiliza yote halafu akaenda kufunga nyasi za paa.

Sasa nina watu wawili wa kuogopea, mmoja yuko kitandani Itigi na mwingine anapanda juu ya miti minne kila jioni.

Ijumaa, 25 Aprili

Selina kaja na simu yake na ya mumewe. Nimemwambia hapana.

Alidhani natania. "Mama Amosi, kidogo tu."

"Hata kidogo. Betri ni ya tembo."

"Na sisi tuliokuja na debe kwenye mvua, sisi tuliombeba mwanao kwa mlango wetu, sisi ni nani?"

Nilisimama mlangoni kwangu mkono umeshika mwimo kama askari. Tangu niolewe sijawahi kusimama hivyo. Akaondoka akisema kwa sauti, ili na wengine wasikie, kwamba wazee wengine wakishika kitu chenye nuru wanasahau watu. Jioni kisimani wamenisalimia kwa kichwa tu.

Jumatano, 30 Aprili

Huu ndio utaratibu wetu. Kila jioni jua likiingia Eliana anakwenda mwisho wa shamba, anaufungua uzi. Kisanduku kinanipigia mimi na Nathan. Halafu yeye mwenyewe ananipigia kwa simu yake, anasema, "Bibi, ni mimi." Basi najua lilikuwa jaribio. Anarudi dunguni, anakoka moto, anapiga debe kila akishtuka. Vyote viwili, moto na mashine. Hilo nililisema mimi na alikubali.

Kati ya simu ya kwanza na ya pili sipumui.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Nyayo kisimani, upana wake sinia. Hakuna aliyeniambia, nimeziona mwenyewe, maana siku hizi hawaniambii.

Jumapili, 4 Mei

Jua limeingia. Kisanduku kimepiga. Nikaiweka simu sikioni, kimya kile cha kawaida cha mashine, nikakata. Nikasubiri ya pili.

Haikuja.

Nikajiambia anafunga uzi. Nikajiambia simu imemdondoka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye jina lake, nataka kumpigia, ndipo nikakumbuka simu yake inaimba kwaya kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Joyce. Kama amejificha mahali na wao wako karibu, nitakuwa nimewaonyesha alipo. Niliitoa mkononi nikaiweka kwenye sufuria, nikafunika, nisije nikajisahau.

Nilikwenda kwa Nathan. Sijui kama nilikimbia, kwa umri wangu sijui hicho kinaitwaje. Wamekaa uani wanakula. Selina aliniona akageuza uso.

"Nathan, kisanduku kimepiga. Eliana hajapiga. Hujaipata wewe?"

Akaingiza mkono mfukoni akaitoa simu yake, akanionyesha. Nyeusi. "Imekufa tangu juzi, Mama Amosi."

Ile simu ndiyo niliyoirudisha mlangoni kwangu, ilikuwa mkononi mwa Selina pamoja na ya kwake. Kama nisingekuwa na miguu ya kumfuata, mashine ingempigia mtu asiyekuwepo.

Nathan akanawa. Ndiyo, alinawa mikono kwanza, na mimi nikitaka kumpiga. Kumbe alikuwa anampa Selina nafasi ya kuleta debe. Selina alileta mawili, moja akampa mumewe, la pili akalishika mwenyewe, akanipita bila kunitazama, akatangulia shambani.

Walikuwa kwenye mahindi yetu. Bado kuna mwanga kidogo wa kuona migongo yao juu ya majani, mama mmoja na mtoto wake na wengine nyuma. Wenye mtoto ndio wabaya. Tulipiga debe kwa umbali, tumebanana kama kuku. Yule mama aligeuka akapanua masikio. Nilisikia pumzi yake. Nathan aliniambia kwa upole, "Usirudi nyuma, bibi, ukirudi anakuja." Hajawahi kuniita bibi. Nikasimama. Nilijikojolea, naandika kwa sababu ni kweli.

Wakaondoka kuelekea pori, wamevuta mahindi wanavyotaka.

Eliana alikuwa amelala kifudifudi kwenye mfereji kati ya matuta, karibu na kisanduku, udongo mdomoni. Walikuwa wamefika wakati yeye anaukaribia uzi, wakaukata wao. Walipita pande zote mbili zake. Simu alikuwa ameilalia tumboni mwanga usionekane.

"Ilipiga, bibi?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Ilipiga."

Akaanza kulia kama mtoto wa miaka mitatu. Selina ndiye aliyemfuta uso, kwa kanga yake mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi mapema nimekwenda kwa Selina kabla hajatoka. Nikamwambia, "Lete simu. Yako na ya Nathan. Na waambie wenzako."

"Betri si ya tembo?"

"Eliana amesema jua likipanda sana sola inajaza betri na umeme mwingine unabaki. Kuanzia saa nne mpaka saa nane nachaji za watu. Ikifika saa nane nachomoa, hata kama ni ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya mawingu sichomeki hata moja, msinitazame vibaya. Ya Nathan inakuwa ya kwanza, kwa sababu mashine inampigia."

Selina akafikiri. "Na nani atakuwa anachomoa? Wewe watu wakikulilia unalegea."

Hayo ni matusi, na ni kweli. "Uje uchomoe wewe," nikamwambia.

Amekuja. Amechomoa. Mzee mwenye redio alilalamika, Selina akamwambia akasikilizie habari porini.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeanza kuvuna upande uliobaki. Amosi amekalishwa kitandani, amekunywa uji mwenyewe. Ameuliza nani analala dunguni. Nimemdanganya, nikasema Nathan.

Jua limeingia sasa hivi. Kisanduku kimepiga. Naandika nikingoja ya pili, kwa sababu mkono usipokuwa na kazi unakwenda kwenye simu.

Taa ya kijani naiona hapa nilipokaa. Siitazami.

Nathan ametoka uani kwake, namwona, amesimama na debe. Na yeye kaipata. Tunatazamana tu, yeye kwake na mimi kwangu.

Selina ametoka pia.

Bado.

Nathan ameanza kutembea.

Imeita. "Bibi, ni mimi. Fundo lilikataa kufunga, samahani."

Nimempungia Nathan mkono, akakaa chini pale pale njiani. Halafu nimemgombeza Eliana mpaka salio likamwishia.